Kabla Akol Hajafika Kwenye "Lakini"

Lodwar,
Jumanne jioni

Kwa dada yangu mpendwa Sellah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima, na kwamba mahindi ya Kitale yamepata mvua ambayo sisi tumenyimwa. Mama anaendeleaje na macho? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Nitakueleza sababu, nawe univumilie, maana unajua mdogo wako hawezi kusimulia jambo bila kugombana na mtu njiani.

Nilikwambia kwamba mwaka huu, pale shuleni Kakuma, nimepewa somo jipya la utafiti, hoja na uwasilishaji. Mwanafunzi anachagua swali, analitafutia ushahidi, kisha anasimama mbele ya watu kutetea alichokipata. Wenzangu walicheka, wakasema hatimaye serikali imenilipa mshahara wa kubishana. Nikawajibu kwamba nchi hii imeharibiwa na watu waliofaulu kwa kukariri, na kwamba afadhali mtoto mmoja anayeuliza "umejuaje?" kuliko darasa zima linaloitikia "ndiyo, mwalimu". Naibu wa mkuu wa shule hajanisalimia vizuri tangu siku hiyo.

Mwanafunzi wangu bora ni Akol, msichana wa Lopur, karibu na mji wa Kakuma. Ukame umewabana, na wazazi wa huko walikuwa wakitaka kuwatoa binti zao bwenini wakasaidie kunywesha mifugo mpaka mvua irudi. Akol akaligeuza jambo hilo kuwa swali lake: wasichana waliotolewa shuleni wakati wa ukame uliopita, wangapi walirudi? Alizunguka boma kwa boma pamoja na rafiki yake Inès, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, aliyekuwa akiandika majibu huku akilalamika kwamba mbuzi wa Lopur hawana heshima. Jibu walilolipata lilikuwa baya. Karibu wote walikuwa wameolewa. Nikaomba wazee wamsikilize Akol kabla ya kuamua, nao wakakubali.

Sasa sikia, dada. Kanuni ninayoipigia kelele kuliko zote ni hii: usimpige mpinzani dhaifu. Anza na hoja yake, iseme kwa nguvu kuliko anavyoisema mwenyewe, ndipo uijibu. Akol aliifuata kama nilivyomfundisha. Alisimama mbele ya wazee, akasema kwa Kiturkana kizuri kwamba mifugo inakufa, kwamba visima vimekwenda chini na mikono haitoshi, kwamba binti anayejua kuteka maji ndiye uhai wa nyumba. Desturi ya hapa, msemaji akifika mwisho wa kila kauli, wazee humwitikia kwa pamoja. Waliitikia. Mtoto akapata moto, akasema vizuri zaidi. Wakaitikia kwa nguvu zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikitabasamu kama mjinga.

Kabla hajafika kwenye "lakini", Mzee Lotiir, kaka mkubwa wa baba yake, akainuka. Alimshukuru kwa kuwa binti mwenye akili aliyekubaliana na wazee wake, akaomba baraka, wote wakaitikia, na shauri likafungwa. Inès aliruka akiwapigia wazee kelele kwa Kiswahili cha kwao: "Bapapa, mungoje kwanza, hajamaliza!" Watu wakacheka. Akol alibaki amesimama na karatasi zake. Kesho yake kitanda chake bwenini kilikuwa kitupu.

Nilikwenda kwa Lotiir nikiwa nimewaka. Hata salamu yake ya "ejok" niliijibu nusu. Nilimwambia amemziba mtoto mdomo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikuwahi kumfanyia mtu, kisha akaniuliza kwa utulivu: kwetu mtu akisimama husema anachokitaka, wewe umemfundisha kusema asichokitaka, halafu unakuja kunilaumu mimi kwa kusikia?

Nikamwomba shauri lifunguliwe upya. Alisema lililobarikiwa hufunguliwa tu na mtu anayechinja dume la ng'ombe na kuwaketisha wazee tena, na mtu huyo si mpita njia. Walimu, alisema, ni kama malori ya Lokichoggio. Yakishapita mnabaki mkifuta vumbi machoni. Tukiwaacha wasichana bwenini, na mwakani wewe hupo, nani atajibu wakifukuzwa au wakikosa chakula? Kisha akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia siondoki. Alinitazama sana, akasema nilete dume Jumamosi, Akol asimame tena, na safari hii aanze na lake.

Sijui watamwitikia au watanyamaza. Dume nililolipata ni mifupa mitupu. Akol anafanya mazoezi kwao Lopur, na Inès anamkatiza kila sentensi kwa makusudi.

Sellah, sasa nifike kwenye lile nililokuwa nikilizunguka bila kulisema. Najua ulivyohangaika kunitafutia uhamisho wa Kitale. Najua ulivyosubiri kwenye ofisi za watu, na kwamba Mama amekwisha kutayarishiwa chumba kilicho jirani na kile ambacho kingekuwa changu. Leo asubuhi nimeukataa, hapa Lodwar, mbele ya ofisa aliyenitazama kama mgonjwa, kwa sababu wengine humjia wakilia waondolewe. Nilipomwambia Lotiir kwamba siondoki, nilikuwa natafuta ushindi tu, kama kawaida yangu. Barabarani kuja huku nikaona kwamba nikisaini uhamisho, yeye ndiye atakuwa amesema kweli, na atakayelipa ni Akol.

Nikaripie upendavyo, sitajitetea. Ila Mama mwambie wewe. Nimebishana na kila mtu maishani, na kwake sina hata hoja moja.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto, na Awino wa jirani umwambie bado nakumbuka chai yake. Mungu awatunze.

Mdogo wako akupendaye,
Josiah Wasike