Barua Yenye Plizi Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeng'ara! Nilikuwa nimepiga magoti nabandua ngozi kuukuu kwenye kochi la mwalimu mkuu, misumari midogo kumi na miwili mdomoni — mwingine angeshaimeza — Dada akaingia na bahasha. Barua ya hospitali. Majibu ya ile picha ya kifua. Kiingereza kitupu. Akanikabidhi mbele ya wateja wawili na kinyozi wa mlango wa pili. "Kapteni, hebu tusomee." Jina hilo nililipata nilipoendesha meli ya mizigo siku tatu, nahodha Mwingereza kalala chali anaumwa tumbo. Kinyozi husema nilikuwa jikoni. Wivu.

Nikatema misumari, nikasoma kwa sauti. Maneno manne matano yalinipita, sikatai. Lakini barua husomi neno kwa neno kama mtoto wa darasa la pili, unasoma sura yake. Na hii ilikuwa na sura nzuri: asante mwanzoni, plizi tatu, hakuna alama ya mshangao hata moja. Nikamfafanulia Dada: wanakushukuru kwa kwenda kupiga picha, wanasema ukipata nafasi upite tena, na uje na mtu wa karibu wa familia. Hapo nikajipiga kifua. Wamesikia habari zangu!

Dada akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi atapita mwezi ujao, sasa hivi ana lundo la nguo za watu za kupiga pasi. Barua akaniachia mimi, binti yake asije akaiona akaingiwa na wasiwasi bure. Mtihani wa Miwani — ndivyo ninavyomwita huyo binti — umebaki wiki moja na kidogo.

Nimeiweka kwenye kopo la vifungo. Kwa heshima.

Jumatano, 6 Machi

Miwani kaja karakana baada ya masomo, kakaa juu ya sponji. Mada ya mtihani wao: jinsi waandishi wa Kiingereza wanavyomtia msomaji hofu kwa maneno. Nikamwambia umefika penyewe, mpwa wangu! Nikamsimulia chui niliyemkuta ndani ya tangi la maji la meli. Kasikiliza kwa adabu.

"Sasa, Mjomba, wao chui hawamtaji."

"Hofu itoke wapi?"

Akanisomea kipande, huku anatafsiri. Mama mwenye nyumba anampa mpangaji chai. Anamwuliza kama amelala vizuri. Anamwambia lile dirisha halitamsumbua tena. Basi! Nikangoja. Kisu kiko wapi? Maiti je? Miwani akasema hapo hapo ndipo darasa zima liliponyamaza. Kwa nini halitamsumbua tena? Nani kaingia chumbani akaligusa?

Nilimcheka. Alipoondoka nikafunga dirisha. Upepo tu.

Ijumaa, 8 Machi

Ufundi wa Miwani unafanya kazi! Kasema siri ni kuongea jambo la kawaida, kwa ufupi, kwa upole, kisha neno moja likae vibaya kidogo. Nimeujaribu kwa yule dereva aliyenitelekezea kochi lake miezi mitano, linanizibia mlango. Siku zote namfokea kwenye simu, anacheka. Leo nimemwambia polepole: "Kochi lako lipo, kaka. Bado lipo." Nikakata.

Kaja kabla ya saa sita, yeye na shemeji yake, wamelibeba mbio mbio. "Umelifanya nini?" ananiuliza. Nikatabasamu. Kinyozi leo kanisalimia yeye kwanza.

Waingereza hawa wangenipata mapema ningewaandikia vitabu kumi.

Jumapili, 10 Machi

Kwa Dada. Nimemkuta anapiga pasi ameketi. Dada! Hata na mimba ya Miwani alipiga pasi amesimama. Nikamtania, "Umekuwa malkia siku hizi?" Kasema miguu imechoka. Kisha kikohozi kikambana, akashika meza kwa mikono miwili. Pasi ikaunguza kola ya mtu.

Miwani alikuwa kitini anakariri. Neno "however", yaani hata hivyo — ukiliona hilo, Mjomba, shika kitu. Yote yaliyotangulia yalikuwa ya kukukalisha kitako. Na upole ukizidi, kaa chonjo. Wakisema hakuna haraka, kimbia.

Dada akauliza kwani hao watu wasiseme tu waziwazi.

"Wakisema waziwazi unajiandaa, mama. Mwandishi hataki ujiandae."

Dada akaninong'oneza afadhali watu wa hospitali, wao wamesema ukipata nafasi, wakaishia hapo. Akanikonyeza.

Chai yangu imepoa nikiiangalia.

Jumatatu, 11 Machi

Karakana sijafungua. Nimefungua kopo.

Mstari wa kwanza, asante. Mstari wa tatu, "however". Lipo pale, jeusi, tangu wiki iliyopita. Nalikumbuka! Nililivuta kidogo nilipolisoma, likapendeza. Baada yake ndiyo yale maneno yaliyonipita. Nimeyatafuta kwenye kamusi ya zamani niliyoiweka chini ya mguu wa meza. Sitayaandika hapa. Kisha: aje mapema kadiri awezavyo. Mimi nikasema akipata nafasi. Kisha: mtu wa karibu wa familia.

Hawajasikia habari zangu. Wangezisikia wapi? Sikuendesha meli. Nilimenya viazi, miezi miwili, na meli yenyewe haikung'oa nanga.

Wiki nzima nimemkalisha dada yangu kitako. Kwa sauti nzuri.

Jumanne, 12 Machi

Nilikuwa mlangoni kwake saa moja asubuhi. Hotuba niliipanga njia nzima: Dada, nisamehe, nilijitia najua. Akafungua. "Kapteni, mbona alfajiri hivi, umekimbia deki?" Hotuba ikayeyuka. Nikausikia mdomo wangu unasema:

"Hakuna haraka, Dada. Ila vaa, twende leo."

Akaniangalia. Yeye Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Akachomoa pasi ukutani. Shati la mtu lilikuwa limebaki mkono mmoja. Akalikunja hivyo hivyo, vizuri, pembe kwa pembe. Akasema Miwani asijue mpaka mtihani upite. Tukiwa nje akauliza:

"Ulisoma vibaya?"

"Nilisoma vizuri. Sikuelewa."

"Ndiyo wewe," akasema. Akanishika mkono, vile alivyonishika siku ya kwanza ya darasa la kwanza, na hakuniachia mpaka geti la hospitali.

Saa nne sasa. Niko kwenye benchi la korido, daftari nilikuja nalo kwapani. Dada ameingia kwa daktari, akasema atangulie kwanza peke yake. Benchi limechanika, sponji imelala, msumari mmoja umetokeza — kazi ya mvivu. Nimeurudisha kwa kisigino cha kiatu. Mzee wa pembeni kaniuliza kama mimi ni fundi. Nimesema ndiyo. Sikuongeza kitu.

Mlango una kioo cha ukungu. Naona bega la Dada. Halitikisiki.

Nesi ametoka. Anatabasamu. "Mzee, na wewe karibu ndani. Tumekuwekea kiti." Kwa upole mno. Kiti chenyewe nakiona kutoka hapa: kipya, sponji nene, mshono wa mashine, kimevutwa karibu kabisa na cha Dada. Miaka thelathini natengeneza viti. Sijawahi kukiogopa hata kimoja.

Bado naandika. Nesi bado amesimama, ameshika mlango.

"Hakuna haraka, mzee," anasema.