Kichwa cha Ihirwe

Kabeza, Kigali
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Mpendwa Dada Flaviana,

Shikamoo dada. Natumaini u mzima huko Mwanza, na kwamba zamu za wodini hazikuchoshi sana. Nimeapa leo kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Mama alikuficha. Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu ni yake.

Alikuambia mdogo wetu ana jipu kichwani. Si jipu. Ni saratani ya ngozi, ya aina ambayo daktari alisema huwapata wazee, tena wachache. Amekuwa akikohoa, na picha ya kifua imeonyesha madoa mapafuni. Kila baada ya wiki tatu anatundikiwa dripu ya dawa.

Sasa hapa nyumbani kila kitu ni Ihirwe. Kitanda changu cha dirishani amepewa yeye. Matofaa ni yake. Spès wa dukani akiniona huuliza, “Yoo, mdogo wako anaendeleaje?” na mimi haniulizi neno. Nilikuwa wa pili darasani mwezi wa saba. Ripoti yangu bado iko chini ya chupa ya chai, hakuna aliyeisoma. Wala usidhani haya yameanza na ugonjwa. Baba anamwita Profesa tangu chekechea. Mimi ni Winifred tu.

Dada, unajua wanafunzi wa huku tunanyoa, na anayemnyoa Ihirwe ni mimi, kila Jumamosi ya pili. Mwezi wa tatu mashine iligusa kivimbe nyuma ya sikio lake, chekundu, kama punje ya haragwe. Alisema hakiumi, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni mdudu amemuuma. Jioni ile Mama alikuwa ameahidi kukaa na mimi anisikilize nikisoma insha yangu, na nilijua nikisema tu, insha itawekwa kando. Basi nikanyamaza. Baada ya wiki mbili kilikuwa kimekua, nikanyamaza tena. Nilinyoa kwa kukizunguka hadi Mama alipokiona mwenyewe mwezi wa saba.

Daktari alipouliza kilianza lini, Ihirwe alisema hajui, kwani nani anaona kisogo chake? Hakunitazama hata kidogo. Hata pale nilimwonea wivu, dada. Hata kwa wema ananishinda.

Nywele zake zimeanguka zenyewe. Lakini jana alileta kigoda na taulo kama kawaida, akasema, “Kinyozi, leo umefunga?” Nikampaka mafuta kichwani, taratibu. Kikohozi kimepungua, na picha nyingine itapigwa mwisho wa mwezi.

Baba na Mama wanakusalimu. Ihirwe anaomba kitambaa cha kichwa, cha bluu.

Mzee Castory, anayekuletea barua hii, atarudi huku na lori Jumamosi. Mpe jibu langu, uniandikie kama muuguzi, usiniandikie kama dada.

Mdogo wako akupendaye,
Winifred

Kama ningesema mwezi wa tatu, saratani ingefika mapafuni?