Mbuzi wa Shukrani na Elektroni Zilizoachwa Nje

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nzisa, huna haya! Muthokoi inapoa kwa sahani, wewe unalia juu ya kompyuta. Machozi yakiingia huko ndani utalia vizuri zaidi.

Nilimwambia hivyo hivyo. Mjukuu wangu hakucheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo amesema. Hesabu yake ya chuo imekosea. Ile ya kichuma kilicho ndani ya majani ya mimea, kinachopasua maji. Elektroni zake zimesongamana, hakuna moja inaenda kivyake.

Susu, akaniambia mimi bibi yake, ni kama kikundi chenu cha mwethya mkichimba mtaro. Peris akiinua jembe, Loise anasogea. Loise akisogea, Kavindu anangoja. Huwezi kuhesabu mmoja peke yake. Sasa yeye alichagua elektroni chache, akazihesabu pamoja kwa makini. Zile zingine akazipa wastani tu — kumbe ndizo zilikuwa zinavuta kazi!

Nikamuuliza, kwa nini uliziacha? Msomi mzima!

Akaangalia chini. Kuongeza hata mbili, kompyuta ya chuo ingezunguka wiki nyingi. Na wewe, susu, ulikuwa umeshatangaza kanisani.

Ai! Ni kweli. Siku ya Pasaka nilisimama nikasema mjukuu wangu anamaliza udaktari wake wa chuo mwezi wa nane. Kwa sababu Nzembi, mwenzangu wa kanisani, alikuwa ananiringia na kijana wake wa Syokimau. Mdomo huu!

Jumamosi, 9 Agosti

Profesa wake hajui. Kesho kutwa anasimama mbele ya wageni na hiyo hesabu, jina lake na la Nzisa. Nzisa anataka kwanza shukrani ya kesho, sherehe yake ya kumaliza, ipite.

Nikanyamaza. Mimi! Nikanyamaza.

Jumapili, 10 Agosti

Kimanzi mchinjaji ameleta mbuzi. Sufuria za kanisa zimefika. Nzembi naye, na kofia kubwa — mama, leo tutakula! Huyo daktari wetu amejificha wapi?

Yuko jikoni, anakatakata vitunguu vilivyokatwa zamani. Simu yake inalia. Ni profesa. Haishiki. Ananiangalia mimi.

Ananiogopa mimi kuliko profesa. Hiyo ndiyo imenileta chumbani, nimefunga mlango, naandika kama mtoto.

Basi. Natoka. Kimanzi aweke kisu chini, mbuzi afungwe nyuma ya choo. Na Nzisa apige hiyo simu saa hii, Nzembi akisikia.