Nitazame Nyuma

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifika Kilifi, marahaba. Mamako mzima, na ile mbuzi ya kukunia nazi uliyoivunja likizoni imeshatengenezwa.

Waniambia umepewa kikombe cha hedhi huko chuoni, ukakijaribu kikakushinda, na sasa wauliza ukitupe. Hebu ngoja.

Miaka ya themanini nilikuwa nikitandika vitanda katika hoteli moja ya Bofa, mimi na Kadzo, msichana wa Matsangoni. Sare zetu zilikuwa nyeupe pe, na sisi tulitumia vitambaa vya kanga kuukuu. Mmoja wetu akiwa mwezini, kutwa ni kunong'ona: "Nitazame nyuma."

Mgeni mmoja wa kike akampa Kadzo kikombe kipya cha mpira, akamweleza kwa ishara. Mimi nilidhani ni cha kuwekea yai! Kadzo akakichemsha, akajifungia chooni. Nikamsikia akiguna, kisha akacheka.

"Kimekataa?" nikauliza mlangoni.

"Ni mimi niliyejikaza kama mwizi," akajibu. "Nimekikunja kama tambuu, nikachutama kama niko kwenye mbuzi nakuna nazi. Kimeingia bila ubishi."

Siku ile Kadzo aliinama, akainuka, akabeba mafurushi ya mashuka. Jua likatua hajaniambia nimtazame nyuma hata mara moja. Nilimtazama kwa hiari yangu, kwa raha tu ya kumwona anavyotembea.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi