Bango Nililoliandika kwa Mkono Wangu

Kawajense, Mpanda

Mama yangu mpendwa Apolonia,

Shikamoo mama. Pokea na shikamoo ya mkweo Skolastika, ingawa leo sikumwomba aitume, nimeichukua mwenyewe. Mguu unaendeleaje? Ule uvimbe umepungua, au bado unajifanya mzima ili usipelekwe hospitali? Na mpunga wa bondeni, maji yameuacha salama mwaka huu? Nakuwaza sana hapo Mahenge, hasa asubuhi, maana najua saa hiyo umeshafika shambani na hujala kitu.

Feliksi, mdogo wangu unayemsomea mama, naomba uisome barua hii yote kama ilivyo. Nakujua wewe. Ukifika mahali pabaya unakohoa, halafu unaruka mistari. Hii usiruke.

Mama, mtoto hatunaye tena. Hajafa, usishtuke, ni mzima na ananenepa. Lakini hayupo nyumbani kwetu na hatarudi. Yule Apolonia mdogo niliyekutumia picha yake, uliyesema ana paji la uso la ukoo wetu wakati hata damu yetu hana, yuko kwa watu wengine. Na kosa ni langu. Skola hana kosa hata moja, hilo nataka ulijue kabla sijaendelea, ili usije ukaanza kumlaumu kwa jambo nililolifanya mimi na brashi yangu.

Sikuwahi kukueleza vizuri yule mtoto alifikaje kwetu. Nilikuandikia tu kwamba Mungu ametukumbuka. Sasa nakueleza.

Unakumbuka tulivyomlea mtoto wa shemeji miaka minne, akazoea kuniita baba, halafu baba yake akaja siku moja na begi, akamchukua kabla hata chai haijapoa. Skola aliugua mwezi mzima. Ndiyo maana ulipotaka kutupa mtoto wa Feliksi tumlee, mimi nilikataa kwa jeuri, nikasema sitaki tena mtoto wa kuazima. Nilitaka mtoto wa kuasili, yaani awe wetu mbele ya mahakama, mwenye karatasi, ambaye hakuna mtu angekuja kumdai. Ulikasirika, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Najuta kukujibu vile.

Sasa mtu mwingine akitaka jambo kama hilo anakwenda kuuliza ofisini. Mimi ni fundi wa mabango, mama. Kwa miaka kumi na mmoja hapa Mpanda, kila mtu anayetaka kitu anakuja kwangu nimwandikie. Anayeuza nyama, anayeziba pancha, anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Wafugaji waliohamia huku na mifugo yao wananijua kwa jina. Kwa hiyo na mimi nilipotaka kitu, nikachukua ubao. Nilipiga rangi nyeupe, nikaandika kwa nyekundu, herufi kubwa, nikazitilia kivuli cha bluu: MUME NA MKE WENYE NYUMBA NA UPENDO WANATAFUTA MTOTO AWE WAO KABISA. ULIZA KWA FUNDI WA MABANGO, KAWAJENSE. Nikautundika kwenye mashine ya kusaga, mahali ambapo kina mama wote wa hapa hupita. Na nilisimama barabarani kuutazama, nikaona ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilidhani jambo linalofanywa hadharani, mchana, haliwezi kuwa kosa. Wezi ndio wanaojificha.

Skola aliniuliza, "Baba, una hakika inaruhusiwa?" Nikamwambia asiwe mwoga.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa mwanaume mmoja, simjui mpaka leo. Alisema mkewe ana mapacha, mmoja anaweza kutoka, halafu akaniuliza, "Nyie mnatoa nini?" Nilimfukuza. Jioni nilimsimulia Skola huku nacheka, nikamwigiza hata alivyokuwa anajikuna kidevu. Skola hakucheka.

Baada ya wiki tatu akaja bibi mmoja kutoka Kasekese, mkulima, mwenye asili ya Burundi, jina lake Domitila. Hajui kusoma. Mfanyabiashara wa karanga ndiye aliyemsimulia habari za lile bango. Binti yake alikuwa amefariki akijifungua, baba wa mtoto hajulikani alipo, na yeye mwenyewe alikuwa anamnywesha mtoto uji wa mtama kwa sababu maziwa hana. Alimfungua mgongoni, akamweka mapajani mwa Skola, akasema, "Mimi nimechoka, binti yangu. Huyu akikaa kwangu atakufa." Alilia kidogo, akafuta macho, akaomba maji ya kunywa. Hakuomba kitu kingine chochote. Mimi nilisema moyoni, unaona sasa, bango limefanya kazi.

Tukampa mtoto jina lako. Tukaenda wenyewe kwa afisa wa ustawi wa jamii kuanza kesi ya kuasili. Ni mama mmoja mtulivu, anaandika polepole, na hapandishi sauti. Alikuja nyumbani, akaona kitanda, akaona kopo la maziwa, akamshika mtoto. Nilimwona amependezwa. Kabla hajaondoka alisema tu, kama anayekumbusha, kwamba sheria inakataza mtu kutangaza kuwa anatafuta mtoto wa kuasili, na inakataza mzazi kutangaza kuwa anatoa mtoto. Si gazetini, si redioni, si kwenye ubao. Halafu akauliza, "Huyu mlimpataje?"

Mama, hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Bango lilikuwa bado linaning'inia mashineni wakati huo huo. Ningesema, nimekosa, sikujua, twende ukalione. Badala yake nilisikia mdomo wangu unasema, "Bibi yake tulifahamiana kanisani." Skola alinitazama, kisha akainamia mtoto. Yule mama akaandika.

Alipoondoka tu nilikimbia mashineni. Nikalishusha bango, nikalipiga rangi nyeupe tabaka moja tu kwa haraka, na kesho yake nikaliandika upya kwa ajili ya duka la jirani: SABUNI, CHUMVI, KIBERITI. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka, kwa sababu ni kosa ambalo hata mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza ningemchapa makofi kwa kulifanya. Rangi nyekundu huwezi kuifunika hivyo hivyo. Lazima uikwangue mpaka kwenye ubao, la sivyo jua likiipiga inatoka juu tena. Najua hilo kuliko mtu yeyote Mpanda. Lakini niliogopa, na mtu mwenye hofu anasahau kazi yake.

Afisa alirudi mwezi uliofuata. Njiani alipita dukani kwa jirani kununua sabuni. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, nikamwona amesimama nje ya duka, anasoma. Alisoma kwa muda mrefu mno kwa maneno matatu. Nikajua. Chini ya SABUNI lilikuwa limechomoza neno MTOTO, rangi ya waridi, na kivuli chake cha bluu. Huku Mpanda hakuna mwingine anayetia kivuli cha bluu.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa kwenye stuli, akaniuliza, "Fundi, wa kwanza kuja baada ya kutundika bango alikuuliza nini?" Nikamkumbuka yule mwanaume na mapacha wake. Akasema, "Ndiyo maana ya sheria. Wewe ulitafuta mtoto kwa moyo mweupe, lakini bango halichagui nani alisome. Leo anakuja bibi mwenye shida, kesho anakuja mtu mwenye mtoto asiye wake. Mtoto akishatundikwa sokoni, atakuwa na bei, upende usipende." Nikamwambia sikujua. Akajibu, "Kama ni kutojua tu, ningemweleza jaji, na ningekutetea. Lakini niliuliza, na wewe ulinidanganya. Nitaandikaje kwamba nyumba hii ni ya kuaminika?"

Skola alipiga magoti mbele yake. Sijawahi kumwona mke wangu akimpigia mtu magoti namna ile. Yule mama alimwinua, na macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini hakubadili neno.

Hakimu alinionya na kunitoza faini, nimelipa, hilo limekwisha. Lakini ombi letu lilikataliwa. Bibi Domitila aliitwa amchukue mjukuu, akasema hawezi kumtunza kama alivyokuwa hajaweza mwanzo, kwa hiyo akakubali apelekwe kwa watu wengine. Ni mwalimu na mkewe, wako Majimoto. Walikuwa wameandikisha jina lao ustawi miaka mitatu nyuma, wakakaa kimya wakisubiri. Miaka mitatu, mama. Na ofisi yenyewe iko hatua chache kutoka kwenye kibanda changu. Niliandika hata kibao cha mlangoni pake. Niliuandika mlango ule kwa mkono wangu na sikuufungua kuuliza kabla ya kutundika bango.

Siku ya kumkabidhi, Skola alimwogesha, akampaka mafuta, akamvalisha gauni lile la njano. Alimwambia mke wa mwalimu, "Maziwa ya moto sana hayataki. Na akilia usiku mgeuze ubavu wa kushoto." Basi. Tangu siku hiyo ananijibu ninapomuuliza jambo, lakini haanzishi mazungumzo. Asubuhi anachemsha maziwa, anakumbuka, anayapeleka kwa jirani. Hajanitukana. Nimemwomba radhi mara nyingi, anasema, "Nimesikia, baba." Mimi nimeacha kuandika mabango kwa sasa, nazibia watu makopo na kupaka madirisha rangi.

Nisalimie shangazi Matilda, dada wa marehemu baba, na umwambie kanga aliyomtumia mtoto tutamrudishia. Msalimie baba mdogo Kosmas, katekista wetu. Najua ameshalitangaza jina la mtoto kanisani. Mwombe alifute kwenye daftari lake kimya kimya, asitangaze tena chochote. Nawe Feliksi, nisamehe kwa kumkataa mwanao. Sikumdharau yeye.

Mama, uliandika kwamba ukishavuna utapanda treni uje umbebe mjukuu wako. Nilipoanza barua hii nilitaka kukuambia usije, ubaki upumzishe mguu. Sasa nimefika mwisho, nimegeuza nia. Njoo, mama. Mjukuu wa kubeba hayupo. Yupo mke wangu, na mimi sijui tena namna ya kumshika.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,

Gaudensi