Shukrani Zilizofyekwa

Mdogo wangu,

Huku wote wazima. Paka kazaa tena, safari hii kwenye droo ya soksi za baba.

Ile makala yangu ya mafua ya kuku sasa inasomwa bure. Utafiti uligharamiwa na kodi za wananchi, kwa hiyo sheria inataka kila mtu aweze kuisoma. Jarida halikuruhusu toleo lake litolewe bure, nikaweka mtandaoni nakala yangu ya mwisho. Nikasahau kwamba humo shukrani ziko kama nilivyoziandika, kabla mhariri hajazifyeka: "Namshukuru mdogo wangu aliyenikamatia kuku wote, isipokuwa jogoo mmoja aliyemkamata yeye."

Unajua tangu mgombane na baba hutajwi humu ndani. Sasa akasema yeye ni mlipa kodi, lazima asome alichokilipia. Alipofika kwenye shukrani nikajikausha. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka, kisha akaiokota na kuifuta.

"Huyo mkamata kuku," akauliza, "huko aliko anakula vizuri?"

Nikamwambia hilo halimo kwenye utafiti wangu. Mjibu mwenyewe.

Dada yako