Sabuni Kabla ya Mtoto

Jumatatu, 14 Septemba 1964
Tena dirishani na daftari la kemia. Shule imefungwa tangu waasi walipoingia mjini.
Jambo hili sijamwambia mtu: kipande cha mwisho cha sabuni nilikimaliza mimi. Nilikikwangua ndani ya glasi tatu nilinganishe povu: maji ya mvua, ya kisima, ya mto. Katika maji ya mvua lilipanda kama wingu. Nililitazama mpaka likafa. Madukani rafu ni tupu. Mama anadhani sabuni imeliwa na panya. Ametega mtego. Naona haya.

Jumatano, 16 Septemba
Mama ni mkunga. Jirani yetu Mama Asina amebakiza siku chache. Barabara ya hospitali ina kizuizi, kwa hiyo atazalia chumbani kwake. Mama alisema polepole kwamba amewahi kuona mzazi akifa kwa homa, kwa sababu ya mikono michafu.
Nikamwambia kweli. Hakunipiga. Alikwenda kuutegua mtego. Hilo liliniuma zaidi.

Ijumaa, 18 Septemba
Somo letu la mwisho lilikuwa sabuni. Daftari linaishia katikati ya ukurasa. Nusu ninayo: mafuta na maji makali ya majivu yakichemshwa pamoja, huzaliwa kitu chenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Nimekiota mchana, macho wazi. Maelfu kwa maelfu, mikia imezama katika tone la uchafu, vichwa nje, vinalibeba taratibu kuelekea mtoni. Bila kelele. Ningependa kuishi hivyo.
Nimechoma mikungu mitupu ya michikichi, nikachuja majivu yake. Nimetia yai, limeelea. Maji ni makali ya kutosha.

Jumamosi, 19 Septemba
Nimeharibu. Nyungu ni nzito, nikachukua sufuria ya alumini. Maji ya majivu yakatoa mapovu kabla sijawasha moto. Nilidhani sabuni inazaliwa. Kumbe sufuria inaliwa. Imekuwa nyeusi, imejaa vishimo.
Mama aliiinua kwenye mwanga. "Weye mutoto ya mabuku, sufuria yangu ilikukosea nini?"
Tonton Saidi, mjomba wangu, mdogo wake Mama, alicheka mpaka akakohoa.
Mafuta ya mawese yamebaki chupa moja, ya kupikia. Mama amenipa yote.

Jumapili, 20 Septemba
Safari hii nyungu. Nimekoroga asubuhi nzima. Tumekula sombe ya majani ya muhogo bila mafuta.
Imekuwa nzito kama uji, rangi ya kahawia. Mama aliionja kwa ncha ya ulimi, akatema. Inauma. Maji ya majivu yamezidi, itamchubua mzazi. Mafuta zaidi hakuna.
Tonton amevuka mto kwa mtumbwi kwenda Lubunga kuyatafuta. Risasi zinasikika upande ule. Amekwenda kwa sababu yangu. Naogopa.

Jumatatu, 21 Septemba
Tonton amerudi na nusu chupa. Hasemi aliipataje. Nikaongeza, nikachemsha tena. Saa nane mchana Mama Asina akaanza uchungu. Mama akaonja.
"Haiume tena. Mwanga maji."
Nikammiminia maji mikononi. Aliosha mpaka viwiko. Povu dogo, la kahawia.
Mtoto wa kike. Mama anasema homa huja siku ya tatu.

Ijumaa, 25 Septemba
Siku ya tatu imepita, na ya nne. Hakuna homa.
Nilifua vitambaa vya Mama Asina, nikavisuuza mara mbili, nikavianika uani. Kisha nikaingia kumshika mtoto, mama yake apate kuoga.